Samaki Aliyerudishwa Majini

Tuchukue mas'ala, kama walimu wa fiqhi wanavyopenda kufanya. Ni Jumamosi ya Januari, kaskazi imetulia, na marafiki wanne wametoka Shimoni kabla jua halijachomoza. Mmoja ni mwalimu wa sekondari huko Msambweni. Wa pili ni mpishi katika hoteli mojawapo ya Diani. Wa tatu ni mhasibu aliyeshuka kutoka Nairobi kwa treni ya jioni. Wa nne ni ustadhi wa madrasa, ambaye hajawahi kupanda boti ya namna hii maishani mwake ingawa babu yake aliishi kwa kutega malema. Wamechangishana fedha, wamekodi boti pamoja na nahodha na baharia mmoja, na wanaelekea Mkondo wa Pemba, mahali ambapo mwamba unakatika ghafla na maji kugeuka kuwa ya buluu nzito, kina chake mamia ya mita.

Watu hawa hawapo. Safari yao ipo, na hufanyika kila msimu.

Saa tatu asubuhi gurudumu la mshipi linalia. Ni nduaro wa michirizi, ameuma chambo bandia na anakimbia kuelekea Pemba. Mwalimu anakaa kwenye kiti kilichofungwa nyuma ya boti, anafungwa mkanda kiunoni, na kwa muda usiopungua nusu saa anavuta na kulegeza, anavuta na kulegeza, jasho likimtiririka kama anayechimba kisima. Samaki anaruka mara nne. Mwisho anachoka, analala ubavuni mwa chombo, rangi yake ya buluu ikiwaka kama taa. Baharia anachukua ufito mrefu, anamchoma kijilebo chenye nambari chini ya pezi la mgongo, anachomoa ndoana, kisha anamshika ule mdomo wake mrefu huku nahodha akiisogeza boti taratibu ili maji yapite kwenye matamvua. Anamwachia. Samaki anayumba kidogo, anapiga mkia, anazama.

Watatu wanashangilia na kupigana mabega. Ustadhi yuko kimya, halafu anauliza, "Sasa Mwalimu, huyu tumemvua kwa ajili gani?"

Si swali la kijinga, wala si la kizamani. Wanafalsafa wa Ulaya wanalijadili hadi leo, mabunge yamelitungia sheria, na mtu yeyote aliyekulia kati ya Tiwi na Vanga ameshalisikia kwa namna moja au nyingine, pengine likiulizwa na mzee aliyekaa kwenye kivuli cha mkungu akishona wavu: Hawa watu wanaotoka na boti za mamilioni, wakashinda baharini kutwa, wakarudi mikono mitupu wakicheka, walikwenda kufanya nini?

Kwa mvuvi wa mshipi wa Gazi au Msambweni, samaki ana jina jingine, nalo ni riziki. Neno hili halina maana sawa na chakula, wala mapato. Chakula hupikwa na mapato huhesabiwa. Riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu na humfikia mja kwa kipimo. Mvuvi hupiga bismillahi anaposukuma dau na husema alhamdulillahi anaporudi, awe amepata kilo kumi za changu au tafi watatu wa kitoweo. Akirudi bila kitu, husema riziki ya leo haikuandikwa. Katika fikra hiyo samaki akishaingia mkononi amekwisha kufika alikotumwa. Kumrusha tena majini ni sawa na kumrudisha mgeni mlangoni baada ya kumkaribisha, na wako watakaosema waziwazi kwamba ni kukufuru neema.

Kwa mvuvi wa michezo hesabu ni nyingine kabisa. Aliyemwachia nduaro amejizuia. Angeweza kumpiga rungu, akamtundika kwenye mti wa gatini na kupigwa picha naye, kama walivyofanya wageni wa Shimoni, Malindi na Watamu kwa miongo mingi. Picha hizo bado zimetundikwa katika baa za pwani: wanaume wenye kaptura, samaki mrefu kuliko wao ananing'inia kwa mkia, uzito umeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Siku hizi kwenye boti nyingi mambo yamegeuka, na wa kusutwa ni yule anayemuua nduaro bila sababu. Tangu miaka ya 1990 taasisi ya African Billfish Foundation, yenye makao yake Watamu, imekuwa ikigawa vijilebo hivyo vyenye nambari na kuweka daftari la kila samaki aliyechomwa: tarehe, mahali, makisio ya uzito. Akivuliwa tena popote katika Bahari ya Hindi, na aliyemvua akatuma nambari ile, watu wanajua alikotoka, alikofika na alikaa majini muda gani. Mwenye boti atakwambia kwamba hiyo ndiyo rehema, tena rehema yenye elimu ndani yake.

Pande zote mbili, basi, zinadai kumheshimu samaki na kumcha Mungu au walau maumbile. Ndiyo maana swali la ustadhi halikatiki kwa urahisi.

Tumwache ustadhi aanze kulijibu kwa vitabu vyake mwenyewe. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, bahari ni pana kwa kila maana. Sura ya al-Maida imehalalisha mawindo ya bahari. Samaki hachinjwi wala haelekezwi kibla. Hata akikutwa amekufa analiwa. Mtu aliyehirimia Hija, aliyekatazwa kuwinda swala au hata kuwaonyesha wengine alipo, hajakatazwa kuvua. Ukisoma haraka utadhani samaki ametolewa nje ya hukumu zote za huruma.

Lakini kila mtoto aliyepitia madrasa za Kwale amekutana na ile arobaini ya Imam Nawawi, na hadithi ya 17 humo inasema kwamba ihsani, yaani kufanya jambo kwa uzuri, imewekwa juu ya kila kitu, hata kuua na kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Kuna na mafunzo mengine mashuhuri. Mtume alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya kujifunzia kulenga. Ipo pia ile habari ya ndege mdogo aliyeuawa bure, ambaye Siku ya Kiyama atamshitaki aliyemuua kwamba hakumuua kwa manufaa yoyote. Wapo waliobishana juu ya nguvu ya sanadi yake, ila maana yake imewafuata wanazuoni karne kwa karne, na wengi wao wamepambanua hivi: kuwinda kwa haja ya kula, kuuza au kujikinga ni halali, kuwinda kwa upuuzi tu, bila kukusudia faida, ni jambo la kuchukiza, na wengine wamelitia katika haramu.

Hapo ustadhi anakutana na kikwazo ambacho vitabu vya zamani havikukitazamia sana. Ndege wa hadithi aliuawa. Nduaro wa Mwalimu hakuuawa, ameondoka anaogelea. Je, malalamiko yake ni yapi? Kwamba amesumbuliwa? Kwamba amevutwa mdomo nusu saa kwa ajili ya furaha ya mtu mwingine, halafu akaambiwa nenda?

Inategemea kama ameumia, na hapa sayansi imejiingiza, tena kwa kumtumia samaki ambaye Wakenya wanamjua. Trauti wa upinde wa mvua asili yake ni mito inayomiminika katika Bahari ya Pasifiki. Wengine kati yao hushuka baharini, wakanenepa huko, kisha wakarudi mtoni kuzaa. Hao Wamarekani huwaita steelhead, na kuna watu kule huacha kazi zao na kutoka na marafiki wakati wa baridi, wanapanda boti ndogo ya makasia isiyo na injini, wanajiachia wachukuliwe na maji ya mto kutwa nzima wakitafuta mmoja tu. Katika mito mingi sheria inawataka wamwachie akiwa si wa kufugwa. Ndugu wa samaki huyo waliletwa Kenya na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo wako katika mito baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua. Ramisi, Mkurumudzi na Umba za Kwale hazimjui. Maji ya mito hiyo ni ya moto mno kwake.

Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland waliwadunga trauti wa aina hiyo sumu ya nyuki au siki kali kwenye midomo. Samaki waliodungwa walipumua kwa kasi, walijiyumbisha huku na huko, baadhi wakasugua midomo kwenye kokoto za tangi, na walikaa karibu saa tatu kabla ya kurudi kula, muda mrefu kuliko wenzao waliodungwa maji ya chumvi. Mwaka mmoja nyuma yake James Rose wa Chuo Kikuu cha Wyoming alikuwa amehoji kwamba samaki hana ile sehemu ya juu ya ubongo ambayo kwa binadamu ndiyo hufanya maumivu yawe maumivu. Anachofanya ni kushtuka, kama mkono unaojiondoa kwenye moto kabla hujajua umeungua. Ugomvi huo haujaisha. Lakini wanasheria hawakusubiri. Ujerumani ina sheria ya tangu 1972 inayokataza kumtia mnyama maumivu bila sababu ya maana, na wako wavuvi walioshitakiwa kwa kuvua wakiwa wamekusudia tangu mwanzo kumwachia samaki. Uswisi nayo imekataza jambo hilo hilo waziwazi. Angalia jinsi dunia inavyopindana: kando ya mito ya Marekani kumwachia ndiyo wajibu, na kando ya mito ya Uswisi ukitoka nyumbani na nia ya kumwachia umeshavunja sheria. Huko ukimvua, mle.

Mzee wa Gazi angekubaliana na Uswisi bila hata kusoma ibara moja ya sheria yao.

Mpishi angecheka. Anajua jambo ambalo marafiki zake hawalifikirii: kwenye meza za hoteli za Diani, sulisuli aliyekaushwa kwa moshi na kukatwa vipande vyembamba ni chakula cha heshima. Mgeni aliyemwachia sulisuli mmoja asubuhi, akajisikia ametakasika, jioni anaweza kumtafuna mwingine pamoja na ndimu na kepasi, na yule wa jioni alivuliwa na mtu asiye na kiti, mkanda wala kijilebo. Hakuna ubaya wa lazima katika hilo. Ila linaonyesha kwamba kuachilia kwenyewe hakufuti mauaji duniani. Kunayahamisha tu kutoka mkono huu kwenda ule.

Shimoni iliwahi kumpokea mtu aliyelifikiria swali hili zaidi ya wengi. Mwanzoni mwa 1954 Ernest Hemingway alifika kwenye kambi ya uvuvi hapo akiwa hoi. Mwezi Januari alikuwa ameanguka na ndege mara mbili katika siku mbili huko Uganda, magazeti ya dunia yakatangaza kifo chake, naye akaokoka akiwa ameumia kichwa, mgongo na viungo vya ndani. Alikuwa amepanga kuvua. Badala yake alishinda akiuguza majeraha, na moto wa kichakani ulipozuka karibu na kambi alijitia kuuzima akaungua juu ya hayo yote. Miaka miwili nyuma yake alikuwa amechapisha kitabu chake kuhusu mzee wa Kuba na nduaro, kitabu kilichotajwa alipopewa Tuzo ya Nobeli mwaka huo huo wa 1954. Wengi hukikumbuka kwa ushujaa. Wachache hukumbuka kwamba mzee yule, samaki akiwa amefungwa ubavuni mwa mtumbwi na papa wanamnyofoa, anahojiana na nafsi yake kama ni dhambi kumuua samaki aliyempenda, na anashindwa kujidanganya kwamba alimuua kwa ajili ya kula na kuuza tu. Aliua pia kwa fahari, kwa sababu yeye ni mvuvi.

Fahari, basi. Hilo ndilo Mwalimu wa Msambweni atalazimika kulijibu akiwa peke yake usiku. Anayejua Nawawi anajua vilevile hadithi ya kwanza kabisa ya kitabu kile: vitendo hupimwa kwa nia. Kwa kipimo hicho samaki wawili wanaweza kuachiliwa mahali pamoja, saa moja, kwa mikono inayofanana, na mmoja akawa ibada na mwingine ubatili.

Lakini nia haikai peke yake ndani ya kifua. Ina wenzake wanaokula kutokana nayo. Baharia aliyemchoma nduaro kijilebo ni kijana wa Shimoni au Wasini. Ana mke, ana mama, ana karo ya shule. Analipwa kwa siku, na mgeni akifurahi anaongezewa bakshishi. Nduaro aliyeuawa mara moja angemlisha mara moja. Yule aliyeachiwa, akiishi, anaweza kuwavutia wageni wengine mwaka kesho na mwaka wa tatu. Kijana huyu akiulizwa kama samaki yule ni riziki, atajibu ndiyo bila kusita, tena riziki ambayo haikuhitaji kufa ili impe unga. Hapa hoja ya mzee wa kivulini inapata ufa. Alidhani riziki lazima ipite kooni. Je, haiwezi kupita karibu, ikagusa mkono na kuendelea na safari?

Yako mambo yanayofanana na hili pwani hii hii. Huko Watamu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la Local Ocean limekuwa likiwapa wavuvi fidia ndogo wanapoleta kasa aliyenaswa wavuni badala ya kumchinja. Anapimwa, anawekewa alama, anarudishwa baharini. Mtu anaweza kunong'ona kwamba mvuvi anauza huruma. Labda. Lakini muda anaopoteza ni wake, wavu unaochanika ni wake, na anayejua bei ya wavu hatathubutu kumsomea khutba juu ya kutenda kwa ajili ya Mungu pekee.

Hatari iko mahali pengine, na watu wa Asia Mashariki wameionja. Katika nchi za Wabudha kuna desturi ya kale ya kununua samaki, ndege au kobe walio kifungoni na kuwaachia ili kujipatia thawabu. Ni tendo zuri lililozaa soko. Palipo na watu wanaolipa ili waachie, hutokea watu wanaokamata ili waachiwe, na ndege anayefunguliwa asubuhi hekaluni huenda alinaswa jana kwa ajili ya asubuhi hiyo. Watawa wengi wenyewe wamelikemea jambo hilo. Huruma inayohitaji kwanza mtu asababishe dhiki ndipo ipate pa kuonekana ni huruma yenye kasoro, na hapo ndipo boti ya Shimoni inapokaribia ukingo. Nduaro hakuwa taabuni. Aliwekwa taabuni, kisha akaokolewa na yule yule aliyemweka, na picha ikapigwa wakati wa wokovu.

Kama kuna tofauti ya kweli kati ya rehema na mchezo, basi haiko ubavuni mwa boti bali nyuma zaidi, kabla mshipi haujalowa. Na katika hilo watu wa Kwale hawana haja ya kufundishwa na Scotland wala Uswisi. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi kati ya Diani na Kinondo, miongoni mwao Tim McClanahan na Heidi Glaesel, walichapisha maelezo ya namna wazee wa Kidigo walivyotawala uvuvi kwa njia zao: palikuwa na mizimu ya baharini iliyotolewa sadaka, mahali na nyakati za kutokuvua, na zana zilizokatazwa katika bandari fulani. Hapakuwa na askari. Alikuwapo mzee, na nyuma yake kitu cha kuogopwa. Watafiti hao walikuta mamlaka hayo yameshalegea; vijana wengi, wageni wengi, nyavu nyingi, na mashekhe ambao hawakuona raha na sadaka za mizimu. Ila wazo lenyewe lilikuwa wazi: kuna samaki wasiovuliwa kwa sababu hawajaitwa. Hakuna aliyewavuta mdomo kwanza. Ukipita leo njia ya mchanga ya Kaya Kinondo, msitu ulioingizwa pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, utafungwa kaniki kiunoni na kuambiwa usichukue kitu, hata jani kavu. Bahari nayo ilikuwa na kaniki yake.

Serikali ilikuja na kaniki nyingine. Kisite, ng'ambo ya Wasini, ikafanywa hifadhi ya bahari ambamo uvuvi hauruhusiwi kabisa, na Mpunguti pembeni yake ikaachiwa uvuvi wa asili; mipaka ya sasa ni ya 1978. Mwaka 1995 ikatangazwa akiba ya Diani na Chale, na wavuvi wa huko wakaikataa hata ikabaki kwenye karatasi. Waliohifadhi maeneo ya mizimu kwa karne walikataa hifadhi, na wapo waliowaita wajinga kwa sababu hiyo. Ujinga ulikuwa wapi? Mzimu ulimzuia kila mtu, na uliowazuia walijua kwa nini. Hifadhi kama ya Kisite ilimzuia mwenye ngalawa asishushe mshipi, huku mwenye boti ya vioo akiruhusiwa kuingia na watalii thelathini, mwamvuli na sahani za matunda. Mtu wa Wasini aliombwa aachilie samaki wote wa Kisite kwa mkupuo mmoja, na wa watoto wake, bila kiti wala mkanda, bila mtu kumpigia makofi.

Huo ndio uachiliaji mkubwa kuliko wote uliowahi kufanyika katika maji haya. Ajabu ni kwamba haumo katika mazungumzo ya maadili ya uvuvi wa michezo, ambayo siku zote huanzia kwa mwenye uwezo na kuishia kwake. Mwenye kushiba akimwachia nduaro anaitwa mstaarabu. Mwenye njaa akiacha kulivua fungu lote la bahari anaitwa mdau.

Wakristo wa Ukunda, ambao siku hizi si wachache, wangeweza kuongeza neno. Injili ya Yohana inamalizia na marafiki ndani ya chombo: wamevua usiku kucha bila kitu, alfajiri wanaelekezwa watupe wavu upande wa kuume, wanatoka na samaki 153, na ufuoni wanakuta moto wa makaa na samaki juu yake. Hakuna aliyerudishwa majini. Furaha ya asubuhi ile ni ya mlo, watu waliochoka wakila pamoja. Ukilisoma simulizi hilo ukiwa Msambweni unasikia harufu yake, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa ufuoni chombo kinapoingia.

Na kama ni kumtafuta nabii wa kuvua na kuachilia, yuko mmoja tu, Yunus, ambaye Biblia humwita Yona. Ila kwake mambo yaligeuka: samaki ndiye aliyevua, na mtu ndiye aliyeachiwa, akatemwa ufuoni akiwa mgonjwa na dhaifu. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba alifurahia. Tunaambiwa aliomba gizani. Ustadhi akiwa na utani angewakumbusha wenzake hilo pale pale kwenye boti, na si ajabu kwamba angemnyamazisha hata mhasibu, aliyekuwa keshaanza kueleza mchango wa utalii katika uchumi.

Kuna jambo moja la kumtetea Mwalimu, nalo lisipotajwa itakuwa dhuluma. Watu wanne hawa hawakutoka kwa ajili ya nduaro peke yake. Walitoka ili wawe pamoja. Injini ilipozimwa saa sita na nahodha akaiachia boti ichukuliwe na mkondo, mishipi ya mkono ikashushwa chini na watu wakaanza kuzungumza mambo ambayo nchi kavu hayazungumzwi: ugonjwa wa baba wa mpishi, ndoa ya mhasibu, na kwa nini ustadhi hakuendelea na masomo Lamu. Chombo kinachoelea bila nanga huwafanya watu wakweli. Babu wa ustadhi aliyajua hayo. Aliyetega malema naye alikuwa na mwenzake wa kuzungumza naye maji yakisubiriwa kupwa. Urafiki ni haja, na wanazuoni waliouliza habari ya haja hawakusema kwamba tumbo ndilo haja pekee. Bado linabaki swali kama haja hiyo ilihitaji mdomo wa nduaro, au kama changu watatu wa mshipi wa mkono, waliovuliwa ili waliwe, wangetosha.

Mwalimu alimjibu ustadhi, baada ya muda mrefu, kwamba hajui. Alisema tu kwamba samaki alipokuwa ubavuni aliliona jicho lake, kubwa kama kikombe cha kahawa, likizunguka likiwatazama, na kwamba wakati ule hakutaka kumla wala kumwachia. Alitamani asingekuwa amemshika.

"Basi msimu ujao usimshike," ustadhi akasema.

"Msimu ujao utanialika wewe," Mwalimu akamjibu, na wote wakacheka, hata nahodha.

Kabla ya alasiri gurudumu la mshipi lililia tena. Safari hii alikuwa felusi, kijani na dhahabu, na juu ya felusi hakuna mjadala. Alipigwa kichwani mara moja, kwa nguvu, rangi zikamtoka taratibu sakafuni mwa boti kama zinavyowatoka wote. Ustadhi ndiye aliyeomba kisu, akakipitisha kwanza juu ya jiwe la kunolea.

Gatini Shimoni maji yalikuwa yamepwa, ikabidi kijana mmoja aingie hadi kiunoni kupokea kamba. Felusi akakatwa palepale juu ya ubao: fungu la nahodha, la baharia, manne ya marafiki, na kipande cha mkia kwa kijana wa kamba. Mzee aliyekuwa akishona wavu alisogea. Mpishi akampunguzia kutoka kwenye fungu lake bila kuombwa, akamfungia katika mfuko wa gazeti. Mzee akauliza kama ndiye huyo tu. Baharia akamwambia, "La, babu, asubuhi tulipata nduaro," akanyoosha mikono yote miwili kumwonyesha ukubwa, na mikono haikutosha, akamvuta mhasibu ashike upande wa pili.

"Yuko wapi?"

Baharia akaelekeza kidevu mashariki, kule Pemba.

Mzee akatazama maji kwa muda, akaweka samaki wake kapuni, akaenda zake kuwahi alasiri.